Sanduku la Sukari Lazua Swali Isiolo

Sisi watu wa pwani tukisikia jina la Isiolo, mawazo yetu huenda kwa ngamia, mbuzi na vumbi. Si ajabu. Mji huu, ulio kiasi cha kilomita 285 kaskazini ya Nairobi, kwa miaka mingi ndipo lami ilipokuwa ikikatikia, na msafiri wa Marsabit au Moyale alijifunga kilemba usoni kabla ya kupanda lori. Sasa lami yafika hadi Moyale, na pamoja na lami zimeingia desturi mpya. Mojawapo ndiyo iliyonitia kalamu mkononi leo, nayo ni keki ya arusi iliyofanywa ikafanana na sanduku la zawadi.

Msomaji asiharakishe kucheka. Keki yenyewe ni ya mraba, imesimama wima kama boksi lililotoka dukani. Juu ina kifuniko kilichotokeza kidogo kando kando, imezungushwa utepe mpana pande zote nne, na pale tepe zinapokutana pana fundo la kipepeo lenye masikio makubwa. Hakuna karatasi wala kitambaa. Kifuniko ni sukari, utepe ni sukari, na fundo ni sukari. Mtoto akiuvuta utepe humkatikia mkononi, naye akilamba kidole hubaki ameduwaa. Mombasa na Unguja zimekwisha kuziona keki hizi, na sasa mabibi arusi wa Isiolo nao wanazitaka.

Hapo ndipo lilipozuka swali, na swali lenyewe si la urembo. Ni swali la kila sanduku tangu watu walipoanza kupeana zawadi, yaani: ndani mna nini?

KAZI YA MIKONO

Mwokaji aliyenikaribisha jikoni kwake ni mama wa watoto watatu, Mborana, ambaye riziki yake ni kazi hii. Ameniomba nisilitaje jina lake, nami nimemkubalia. "Karibu shekhe," aliniambia, "lakini itakubidi usimame, maana viti vyote vimekaliwa na keki." Na kweli, kila kiti kilikuwa na mgeni wake chini ya kawa.

Taratibu ya kazi ni hii. Keki mbili za mraba, za inchi kumi kila upande, huwekwa moja juu ya mwenziwe, katikati ikatiwa krimu. Kisha hupakwa nje chokoleti iliyoyeyushwa pamoja na krimu ya maziwa. Chokoleti hiyo ikiganda ndiyo inayotoa pembe kali, kwani sanduku lisilo na pembe, alisema mama huyu, ni mto wa kulalia. Baada ya hapo huja vazi lenyewe, ambalo waokaji huliita fondanti. Ni sukari iliyosagwa ikawa laini kama unga, ikakandwa hata ikashikana, kisha ikasukumwa kwa mti wa kusukumia chapati mpaka ikawa nyembamba kiasi cha milimita nne. Vazi hilo hutandazwa juu ya keki kwa mara moja, likalainishwa kwa kiganja, penye pembe kwanza, kwa sababu pembe ndizo zinazopasuka upesi.

Adui wa kazi hii hutegemea mahali. Kwetu pwani adui ni unyevu. Fondanti hutoka jasho, utepe hulegea, na fundo likainama kama mzee aliyesinzia barazani. Isiolo mambo ni kinyume. Upepo wake mkavu hulikausha donge kabla halijafika juu ya keki, likaota mikunjo na nyufa kama ngozi ya tembo. Kwa hiyo mama huyu hufunga madirisha, na donge hulitia ndani ya chombo chenye kifuniko, akawa analimega kidogo kidogo. Lakini ukavu huo huo una faida yake. Masikio ya fundo, yaliyojazwa karatasi laini ndani ili yasibonyee, hapa hukauka kwa usiku mmoja yakawa magumu kama kaure, ilhali Mombasa yangengoja siku mbili au tatu, na bado mtu asiyaamini.

BIBI AULIZA

Keki niliyoikuta ikitayarishwa ilikuwa ya arusi ya Jumapili, katika nyumba moja ya Wasomali wa ukoo wa Isaaq. Siku yenyewe ilikuwa Alhamisi. Bibi yake bibi arusi, mkongwe mwenye macho makali bado, alikuja kwa miguu yake kulitazama hilo sanduku aliloambiwa habari zake. Aliketi juu ya gunia la unga, akaomba kipande cha donge, akakivuta baina ya vidole viwili. Kikavutika, kisikatike.

"Mwanangu," alisema, "sukari naijua. Ukiitia maji huwa shira. Hii inavutika kama ngozi. Inashikwa na nini?"

"Na jelatini, ayeeyo," alijibu mwokaji, akimwita bibi kwa jina wanalowaita Wasomali mabibi zao.

"Na jelatini ni kitu gani?"

Mwokaji alinyamaza kidogo. "Ni gundi inayotolewa katika ngozi na mifupa ya mnyama."

"Mnyama yupi?"

Kopo lilikuwa pale mezani, limeletwa kutoka ng'ambo. Liligeuzwa likasomwa. Liliandikwa sukari, glukosi, mafuta, gliserini na jelatini. Mnyama hakutajwa.

Hapa yafaa nimweleze msomaji. Jelatini hupatikana kwa kuchemsha ngozi na mifupa mpaka ule ute unaoshikanisha viungo vya mnyama ukatoka. Viwanda vingine hutumia ng'ombe, vingine samaki, lakini katika nchi za Ulaya sehemu kubwa ya jelatini hutolewa katika ngozi ya nguruwe. Haina rangi wala harufu wala ladha. Katika kilo moja ya fondanti huingia kiasi cha kijiko kimoja kikubwa tu, na kijiko hicho ndicho kinachoifanya sukari ikubali kukunjwa kama kitambaa. Gliserini nayo, inayozuia donge lisikauke, yaweza kutoka katika mafuta ya mimea au ya mnyama.

Sasa lifikirie jambo hili kwa upande wa mwokaji. Nusu ya fedha alikwisha kulipwa, na fedha hizo zilikwisha kuwa mayai, siagi na unga. Zimebaki siku tatu. Wageni walioalikwa ni kiasi cha mia mbili. Bibi amekwisha kuuliza, lakini bibi ni mtu mmoja na ni mzee, na mwokaji angeweza kumjibu kwa maneno mawili ya kumtuliza, keki ikaenda, watu wakala, wakasifu. Nilimtazama usoni nione atafanya nini. Alilifunika kopo, akalitia chini ya meza, akasema, "Keki ni yangu, lakini midomo ni ya watu." Jioni ile ile alimtuma mwanawe nyumbani kwa bibi arusi awaeleze mambo yalivyo, na kwamba wakitaka fedha zao atawarudishia kidogo kidogo.

Nilimwendea mwanachuoni mmoja wa mjini kumwuliza. Alinieleza kwamba suala hili lina mahitilafiano. Wako maulamaa, hasa katika madhehebu ya Hanafi, wanaosema kwamba kitu kikigeuka kabisa dhati yake, hukumu yake nayo hugeuka. Lakini sisi wa pwani, na Wasomali na Waborana pia, aghalabu tu watu wa madhehebu ya Shafi, na katika madhehebu yetu mlango huo ni mwembamba. Wanatajiwa mvinyo uliogeuka siki wenyewe, na ngozi ya mzoga iliyodabighiwa, tena ya nguruwe haimo. "Na maadamu mnyama hajulikani," alimalizia, "kwa nini mtu ajitie katika shaka kwa ajili ya pambo?"

SANDUKU LINALOFUNGUKA

Yule bibi hakuwa adui wa keki. Lawama yake ilikuwa nyingine, nayo alinieleza kesho yake nilipokwenda kumwamkia. "Sanduku lenu," alisema, "halifunguki. Linakatwa kwa kisu. Sisi tuna letu linalofunguka, lakini lamtaka mwenye akili."

Alikuwa akiisema xeedho. Wasomali, ambao lugha yao ilipewa herufi rasmi za Kilatini mwaka 1972, huandika x mahali pa ile ha ya koo tunayoisoma chuoni, ile ya mwanzo wa neno halua. Xeedho ni chombo cha zawadi cha arusi, mashuhuri kwa Wasomali wa kaskazini. Ndani yake hutiwa nyama iliyokatwa vipande vidogo kama punje, ikakaushwa, ikakaangwa na kuhifadhiwa ndani ya samli. Ni ndugu yake nyirinyiri wanayoijua watu wa Isiolo, na huweza kukaa siku nyingi bila ya kuharibika. Nyama hiyo hufunikwa kwa tende zilizopondwa na kutiwa viungo. Kisha chombo hufunikwa, kikavishwa nguo nyeupe mpaka kikawa na umbo la bibi arusi aliyejitanda, na juu yake kikafungwa kamba ndefu iliyozungushwa mara nyingi, na ncha yake ikafichwa.

Jamaa za bibi arusi ndio wafungao. Jamaa za bwana arusi ndio wafunguao, katika siku ya saba baada ya arusi, mbele ya watu wote. Ni haramu kukata kwa kisu. Anayetaka kula sharti aitafute ncha ya kamba na kuifuata kwa subira, huku wanawake wa upande wa pili wakimtupia mafumbo na mashairi ya kumtatiza. Akivuta pasipo pake hutozwa faini. Akishindwa, aibu ni ya ukoo mzima. Akifaulu, chakula huliwa na pande zote mbili, na kuanzia hapo ni jamaa.

Mimi niliyelelewa katika tungo za pwani niliona nimefika nyumbani. Kwani sisi tunapotunga, si tunafumba, na anayejibu si ndiye mfumbuzi? Mshairi hufunga fundo la maneno akaificha ncha, na mwenziwe akalitatua kwa mizani na vina vile vile. Wasomali wamelitia fumbo hilo katika nyama na tende.

Namna xeedho ilivyofika Isiolo nayo ina historia. Katika Vita Vikuu vya 1914 hadi 1918 Wasomali wengi waliwatumikia Waingereza wakiwa askari, na baada ya vita baadhi yao, Waisaaq na Waherti, walipewa nafasi ya kukaa Isiolo na mifugo yao. Asili ya Waisaaq ni upande wa Berbera na Hargeisa, karibu na bahari inayotazamana na Aden. Walikuja na vitabu vyao, biashara zao na vyombo vyao, wakaoa na kuoza hapa, na wajukuu wa wajukuu zao leo wanazungumza Kiswahili cha Isiolo. Kitu kilichobebwa mbali hivyo hupungua njiani. Katika nyumba ile, anayejua kuificha ncha ya kamba alikuwa amebaki mmoja tu, ndiye bibi. Wajukuu wote walikuwa wakipiga picha za keki.

GUNDI YA MTI

Basi nyumba ya arusi iliketi shauri, na majibu yakarudi kwa mwokaji: fedha hazitakiwi, keki yatakiwa, lakini kwa gundi nyingine. Bibi naye alitoa sharti lake. Keki ikatwe siku ya arusi, na xeedho ifunguliwe siku ya saba, na wadogo wawili wa bibi arusi waje wakae naye wakati wa kuifunga.

Gundi nyingine ipo, tena ni ya zamani. Kujenga kwa sukari si uvumbuzi wa jana, wala Waislamu si wageni wa sanaa hii. Nasir Khusraw, msafiri wa Kiajemi aliyefika Misri katika miaka ya 1040, ameeleza katika kitabu chake cha safari karamu ya Idi ya mtawala wa Kifatimi mjini Cairo, ambapo palisimamishwa mti mzima wa mchungwa, matawi na majani yake yote yakiwa ya sukari, pamoja na maelfu ya sanamu za sukari. Huko Ulaya katika karne ya 16 mafundi walifanya sahani na vikombe vya sukari, wageni wakala chakula kisha wakazivunja sahani wakazila nazo. Kilichoshika sukari hiyo ya Ulaya kilikuwa utomvu wa mti.

Na utomvu, msomaji, ni mali ya nchi hii ya Isiolo. Migunga inayoota katika nyika za Isiolo, Samburu, Marsabit na Wajir hutoa gundi ile ijulikanayo duniani kwa jina la gundi ya Kiarabu, na wafugaji huiokota wakaiuza sokoni. Gundi hii peke yake haitoshi kulifanya donge livutike, lakini kwa kugandisha sukari juu ya sukari haina mfano. Kwa lile donge lenyewe mwokaji aliagiza kitu ambacho kila mama wa pwani anakijua, nacho ni chaina grasi, inayotolewa katika mwani, ile tunayogandishia maziwa wakati wa Ramadhani. Mabasi yanayopeleka maziwa ya ngamia ya Isiolo mpaka Eastleigh hurudi na mizigo, na Ijumaa usiku pakiti zikafika.

Kazi haikuwa nyepesi. Chaina grasi haiyeyuki kwa maji ya vuguvugu kama jelatini, bali hutaka ichemke barabara kabla ya kuchanganywa na sukari. Na donge lake halivutiki sana. Mara mbili mama huyu alilitandaza juu ya keki, na mara mbili likapasuka penye pembe. Ilipofika Jumamosi adhuhuri alibadilisha njia. Badala ya kuivisha keki nguo moja, alikata mbao tano za sukari kwa rula, nne za ubavuni na moja ya juu, akaziacha zikauke kidogo katika ule upepo alioukimbia wiki nzima, kisha akazisimamisha moja moja, na kila ukingo akaupaka gundi ya mgunga iliyoloweshwa maji. Yaani alilijenga sanduku kama seremala ajengavyo kasha. Pembe zikatoka kali kuliko zote alizopata kuzifanya, na jua la Jumapili halikulilegeza, kwani chaina grasi ikishaganda haiyeyuki kwa joto la jua.

SIKU YA SABA

Katika arusi keki ilikatwa, ikagawiwa, na mwokaji alimpelekea bibi kipande cha pembeni kwa mkono wake mwenyewe. Bibi alikitazama, akapiga bismillahi, akala. Hakusema neno, akanyosha sahani aongezwe.

Siku ya saba nilikuwapo pia. Vijana watatu wa upande wa bwana arusi walijaribu na kutozwa faini mmoja baada ya mwingine, huku wanawake wakiwashambulia kwa maneno. Wa nne, mjomba mmoja mtu mzima, aliizunguka xeedho kwa magoti kwa muda mrefu bila ya kuigusa, akitazama tu. Alipoinyoshea mkono aliipata ncha chini ya mkunjo wa nguo, na kamba ikaanza kutoka. Nilimtazama bibi. Yeye hakuwa akiitazama kamba, alikuwa akiwatazama wale wajukuu wawili, kwani ncha ile walikuwa wameificha wao.

Jioni ile niliwaandikia maarusi ubeti huu, nao wameniruhusu niutoe hapa:

Si rangi ya sandukuni, wala fundo la utepe,
Uliza kilicho ndani, ndipo mgeni umpe,
Halali iwe mezani, shaka mbali uitupe,
Penye moyo wa hisani, hata sanduku jeupe.

Ndugu zangu wa pwani, keki hizi ziko kwetu pia, na arusi zetu ni kubwa kuliko za Isiolo. Sitasema zikatazwe. Mapambo si dhambi, ila israfu ndiyo iliyokatazwa, na mwenye kupima ni mwenye mfuko wake. Ninalosema ni kwamba anayeagiza sanduku la sukari aulize linashikwa na nini, na anayeuza asingoje kuulizwa. Makopo yenye alama ya halali ya taasisi inayojulikana yapo, chaina grasi ipo katika maduka yetu, na gundi ya migunga yatoka katika nchi hii hii.

Tena tutazame na vyombo vyetu wenyewe. Yale masinia tuliyokuwa tukipelekeana chini ya kawa za ukindu, na vile vikapu vya halua, ni akina nani majumbani mwetu wanaojua kuvisuka leo? Kama amebaki mmoja, basi na aketishwe mtoto karibu naye kabla ya arusi ijayo.